Namba Kumi na Nne Hatoki

Vilma Nemeth alikuwa na ulimi mwepesi na mkono usioogopa pilipili, na watu walimpenda kwa vyote viwili. Kila Jumapili ambayo Korongo wa Toledo, timu ya mpira ya mji wake huko Marekani, walicheza nyumbani, hema lake la buluu lilisimama tangu alfajiri kwenye maegesho ya magari nyuma ya uwanja, soseji za Kihungari zikichuruza mafuta juu ya makaa na sufuria ya nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi ikitokota pembeni. Hakuwa akiuza. Aliyekuja alikuja na bia yake na kelele zake, na hizo kelele ndizo Vilma alizokuwa akizitaka hasa, maana tangu astaafu kazi ya kiwanda cha vioo nyumba yake ilikuwa kimya kupita kiasi.

Msimu ule kelele zote zilikuwa za mtu mmoja. Tavian Rusk, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Mississippi, ndiye aliyekuwa mrushaji mpya wa Korongo. Katika mpira wa Kimarekani mrushaji ndiye kichwa cha timu. Mpira humwanzia yeye, na huku majitu ya upande wa pili yanamjia mbio kumponda, lazima kufumba na kufumbua aone nani kati ya wenzake yuko wazi, amrushie. Akipatia ni mfalme. Akikosea, hata bibi kizee kwenye kiti cha magurudumu anajua angefanya nini mahali pake.

Na Tavian alikuwa akikosea. Klabu ilimchukua kutoka chuoni kwa mbwembwe, picha yake ikabandikwa kwenye mabasi mji mzima, lakini kufika Novemba Korongo walikuwa wameshinda mara mbili tu. Mipira yake ilidakwa na maadui kama vile aliwaandikia barua mapema waje kuipokea. Mpira usipodakwa, aliangushwa yeye mwenyewe. Kuna Jumapili aliyoangushwa mara nyingi hata mtangazaji akaacha kuhesabu.

"Shemeji, huyu mtoto anaogopa," alisema Gaspar Kocsis asubuhi moja ya baridi, akichomoa soseji kutoka kwenye makaa kwa vidole. "Itazame miguu yake. Inacheza ngoma yake peke yake."

Gaspar alikuwa fundi wa mapaa, mume wa Ilona, dada yake Vilma. Alikuwa na mabega mapana na sauti iliyozoea kuitwa kutoka juu ya nyumba. Kila Jumatatu alipiga simu kwenye kipindi cha michezo cha redio, akajitambulisha kuwa ni Gaspar wa upande wa mashariki, na mji mzima ukajua Korongo wanastahili kufanywa nini.

"Hata yako ingecheza," Vilma alimjibu, "ungekuwa unakimbizwa na watu wanne wenye uzito wa friji."

"Mimi silipwi mamilioni nikimbizwe."

"Wewe hata bure hakuna ambaye angehangaika kukukimbiza," akatia neno Orson Pettiford, na watu wakacheka.

Orson alikuwa mpeleka barua mstaafu, mrefu, mweusi, mpole, mwenye kofia ya manyoya isiyobadilika tangu enzi. Yeye na Vilma na Gaspar walikuwa na viti vya msimu katika safu moja, na katika mabishano yote Orson alikuwa upande wa yule aliyekuwa akishindwa.

Mabishano yenyewe yalikuwa yaleyale, ila kila juma yalitiwa chumvi mpya. Gaspar na wengi wa wanaume walitaka mzee Halloran aingizwe. Halloran alikuwa mrushaji wa akiba, mwenye miaka thelathini na saba na goti lililofanyiwa upasuaji, mtu asiyefanya makosa kwa sababu hakuwa akijaribu kitu. Walisema kijana akae benchi mwaka mzima, atazame, ajifunze. Mwingine akasema hata akitazama miaka kumi hataona, kwani jicho la mrushaji mtu huzaliwa nalo. Mwingine akasema auzwe sasa hivi, kabla miji mingine haijashtuka.

Vilma aliwaambia kwamba katika miaka kumi na miwili Korongo wameshabadilisha warushaji watano, kila mmoja aliletwa kwa tarumbeta na kuondolewa kwa matusi, na ukuta wa mbele unaotakiwa kumlinda mrushaji ni uleule mbovu. Kisha akawapa habari ya kiwandani, ambayo walikuwa wameshaisikia. Alipoanza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, majira yake ya kwanza ya baridi alivunja vioo vya magari vingi kuliko alivyovifikisha mwisho wa mstari. Msimamizi wake alikuwa mtu mkali, wala hakumpenda.

"Sikuvumiliwa kwa mapenzi," alisema. "Nilivumiliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa karibu na tanuri. Ikatosha. Mwaka wa pili sikuvunja."

"Wewe ulikuwa unavunja vioo," Gaspar akasema. "Huyu anavunja mioyo."

Akaenda kwenye gari lake la kazi, akarudi na boksi. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya karatasi ya kahawia, ile ya kubebea vitu vya dukani, imetobolewa matundu ya macho, na juu ya kila mmoja limeandikwa kwa wino mweusi neno moja: MTOE. Gaspar alieleza kwamba watu wa majukwaa matatu wamekubaliana. Mchezo ukianza, kila mtu avae mfuko kichwani, kamera za televisheni zione, wenye timu waaibike. Boksi likapita toka mkono hadi mkono. Watu walichukua huku wakichekeana, wakijaribu na kutoleana macho kwenye matundu.

Lilipomfikia Vilma, alilisukuma kwa kiwiko. Akaweka koleo lake la kugeuzia soseji mezani.

"Atakayevaa huo mfuko hali kwangu," alisema.

Wakadhani anatania. Akamnyang'anya jirani yake sahani iliyojaa, akairudisha nyama sufuriani, ndipo wakajua hatanii. Mtu mmoja akamwambia kwamba ni mchezo tu, mama, usikasirike. Vilma akajibu kwamba hakukasirika, na kwamba mtu mwenye la kusema aliseme kwa uso aliopewa na mama yake. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea hema la mbali, kwa vijana wenye televisheni kubwa na piza ya kununua. Gaspar aliondoka wa mwisho.

"Unatengana na watu wako kwa ajili ya mtoto asiyejua hata jina lako," alimwambia.

"Na wewe unaficha uso kwa ajili yake, shemeji. Nani kati yetu amezidiwa?"

Aliyebaki ni Orson. Alikaa, akavuta sahani, akasema mfuko usingetosha juu ya kofia yake hata hivyo.

Siku ile mchezo ulikuwa mbaya. Kutoka kiti chake Vilma alitazama jukwaa zima likigeuka kahawia, maelfu ya vichwa visivyo na uso, na kelele ya kuzomea ikitoka humo kama upepo kwenye bomba. Tavian alitoka kwenye njia ya wachezaji akiwa anakimbia, akaona. Alipunguza mwendo hatua chache, mkono kwenye kofia yake ya chuma, halafu akaendelea. Aliangushwa, akainuka. Akaangushwa tena, akainuka. Mpira wake wa mwisho ulidakwa na adui, Korongo wakafungwa. Vilma alipiga makofi peke yake hadi viganja vikamuuma, na nyuma yake mtu mwenye mfuko akamwambia akae chini, mama, unatuziba. Hakukaa.

Jumatatu, akiwa jikoni, alimsikia Gaspar redioni akisema kwamba siku hizi kuna wapishi wanaojiona makocha. Vilma hakuwahi kupiga simu redioni maishani mwake. Akafuta mikono, akapiga, akasubiri, akaunganishwa.

"Mimi ndiye huyo mpishi," alisema. "Nina neno moja. Warushaji watano tumeshawala katika mji huu, na bado tuna njaa. Mtu akila sahani tano asishibe, tatizo haliko kwenye chakula."

Mtangazaji alicheka hadi akakohoa. Wengine hawakucheka. Ilona alimpigia dada yake akalalamika kwamba mumewe hali, halali, anazunguka nyumba kama simba wa maonyesho, na kwamba wote wawili ni wazee wapumbavu. Vilma akasema kwamba hilo la mwisho ni kweli.

Mchezo uliofuata wa nyumbani uliangukia siku ya theluji. Upepo ulitoka Ziwa Erie ukakata kama wembe, na maegesho yalikuwa meupe. Vilma alipika kiasi kilekile cha siku zote, kwa ukaidi tu, ingawa alijua watakaokula ni yeye na Orson. Saa tatu asubuhi hema lilikuwa na watu wawili na sufuria ya kulisha hamsini.

Ndipo walipomwona mwanamke akija kati ya magari. Alikuwa mnene kiasi, wa makamo, koti lake jembamba la watu wa kusini, na juu ya koti amevaa jezi ya Korongo namba kumi na nne, namba ya Tavian. Jezi ile siku zile haikuvaliwa. Kwenye kila hema alilopita watu walimtupia maneno. Mmoja alimuuliza kama amepoteza dau. Mwingine alimwambia kuna pipa la taka kule mbele. Mwanamke hakuharakisha hatua wala hakujibu. Alifuata harufu ya soseji mpaka kwenye hema la buluu, akasimama.

"Hapa panaruhusiwa mtu wa jezi hii?" aliuliza.

"Hapa ndipo peke yake," Vilma alisema, akamsogezea kiti karibu na makaa. "Umeipata wapi? Dukani wameshaziondoa."

"Nilipewa na mwenyewe. Naitwa Ardelia Rusk. Tavian ni mwanangu."

Orson alivua kofia yake. Vilma alikuwa hajawahi kuona kichwa chake.

Bi Ardelia alikula sahani nzima kwanza, kwa heshima ya chakula, halafu ndipo akaongea. Alikuwa dereva wa basi la shule huko kwao, na alikuwa amepanda ndege mara ya kwanza kuja kumtazama mwanawe. Klabu ilimpa nafasi kwenye chumba cha vioo juu ya uwanja, pamoja na familia za wachezaji wengine, kwenye joto na viti vya ngozi. Alikaa humo mchezo mmoja, akachoka.

"Mle ndani wanamsifia nikiwatazama, nikigeuka wananyamaza," alisema. "Nikasema leo nitakaa na wanaomtukana. Hao angalau nitajua wanasema nini."

Vilma alimwambia kwamba kiti cha dada yake kiko wazi katika safu yao, kwani Ilona haji tena kwenye baridi. Kabla hawajamaliza kupanga, Gaspar akatokea. Ilona alikuwa amemwamuru aende akapatane na dada yake la sivyo asirudi nyumbani kula, na Gaspar alikuja hivyo, mzito kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno. Mfuko wa karatasi ulikuwa ukichungulia kwenye mfuko wa koti lake.

"Shemeji," Vilma akasema, "huyu ni mama yake Tavian Rusk."

Vilma alitegemea atakimbia. Uso wa Gaspar ulibadilika rangi, akavua kofia, akaizungusha mikononi. Lakini hakuondoka.

"Mama," alisema, "mimi nimelelewa nisimseme mtu mbele ya mzazi wake. Ila nimeshamsema redioni mji mzima ukasikia, kwa hiyo nikinyamaza sasa nitakuwa mnafiki. Mwanao hajaiva."

Bi Ardelia alimtazama juu hadi chini. "Hajaiva," akakubali. "Anashikilia mpira kama aliyepewa autunze mpaka mwenyewe arudi. Nimemwambia tangu akiwa na miaka kumi na tatu."

Gaspar alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Akababaika kidogo. "Basi tumekubaliana. Akae benchi ajifunze."

"Ajifunze nini benchi? Kukaa?"

Orson aligeukia pembeni ili asionekane akicheka. Gaspar akavuta kiti bila kukaribishwa, na mabishano yakaanza upya, safari hii kwa mtu aliyekuwa akiyajua zaidi kuliko wao wote. Bi Ardelia alikiri kila kosa la mwanawe, na mengine akayaongeza ambayo Gaspar hakuyaona: kwamba anamtazama mno yule atakayemrushia, kwamba akikosea mara moja anataka kulipa deni lote kwa mrusho mmoja. Lakini kila Gaspar alipodhani ameshinda, mama alirudi palepale. Kosa la uwanjani huponea uwanjani. Vilma alichochea makaa akasikiliza, na moyo ukamcheka.

"Na akivunjika?" Gaspar akauliza ghafla, sauti ikiwa imeshuka. "Yule aliyemtangulia alitolewa hapa kwa machela. Mimi nilikuwa nimemzomea hadi dakika ileile. Tangu siku hiyo hajacheza tena. Nyie mnadhani namchukia huyu mtoto. Mimi nataka atolewe kabla hatujamharibu."

Katika mabishano yao yote Vilma hakuwahi kulisikia hilo. Aliacha koleo juu ya makaa mpaka mpini ukapata moto.

"Hofu hiyo ni yangu," alisema Bi Ardelia. "Nimeibeba tangu akiwa mdogo, sikupi wewe. Nilimuuliza usiku wa jana. Akasema, mama, mimi simwogopi anayenijia mbio. Wakinitoa watu wangu wenyewe, hapo ndipo nitakapokuwa nimevunjika." Kisha akauonyesha mfuko wa karatasi kwa kidole. "Na huo?"

Gaspar akautoa, akaukunjua, neno MTOE likasomeka vizuri.

"Zomea," mama alimwambia. "Umelipa kiingilio, ni haki yako. Lakini zomea nikikuona."

Vilma akauchukua mfuko mkononi mwa Gaspar, akaukunja mara kadhaa, akausokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu asubuhi.

Wakaingia uwanjani wanne, wakaketi safu moja, Bi Ardelia katikati ya Vilma na Gaspar. Jukwaa lilikuwa la kahawia tena. Gaspar, mwenye kuanzisha jambo hilo, alikaa kichwa wazi, masikio yakiwa mekundu kwa baridi, na watu wa safu za nyuma wakamrushia vipande vya theluji wakimwita msaliti.

Naye alizomea kweli. Tavian alipokosea, Gaspar alipiga kelele kwa sauti yake ile ya juu ya paa, na mama wa Tavian akamtazama, naye hakuacha. Ilifika mahali kijana alishika mpira, akashika, akashika, hata Bi Ardelia mwenyewe akaruka kitini: "Rusha! Tavian, rusha!" Wakapiga kelele yeye na Gaspar pamoja, neno lilelile, na kijana akaangushwa, nao wote wawili wakashika vichwa.

Kufika robo ya mwisho Korongo walikuwa nyuma kumi na saba kwa sita. Tavian alipokea mpira, akarudi nyuma hatua tatu, na beki mmoja mkubwa akampitia ubavuni bila kuzuiwa na mtu. Mgongano ulisikika hadi kwenye viti vya juu. Mpira ulitoka pembeni. Kijana alibaki kifudifudi kwenye theluji.

Kelele zilikoma. Vilma aliushika mkono wa Bi Ardelia akakuta umekuwa kama jiwe. Upande wa pili aliona Gaspar amefumba macho.

Kisha Tavian akajikusanya, akapiga goti, akainuka. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. Na hapo kocha Brandvold akamsukuma Halloran aingie. Mzee Halloran akavaa kofia yake ya chuma, akatoka pembeni akikimbia kwa goti lake bovu, na majukwaa yote ya kahawia yakalipuka kwa furaha. Wenye mifuko walikuwa wamepata walichotaka. Wakaanza kuimba, mtoe, mtoe, mtoe.

Tavian alimwona Halloran akija. Akanyanyua mkono, kiganja wazi, kama askari wa barabarani. Akatikisa kichwa.

Halloran alipunguza mwendo, akasimama katikati ya njia. Kocha alikuwa akipunga mikono na kufoka. Tavian hakumtazama. Alitema damu, akawaita wenzake kumi wamzunguke, akainama kuwapa maagizo kana kwamba hakuna jambo lililotokea. Mlinzi mmoja wa ukuta wa mbele, mtu wa kilo mia na hamsini aliyekuwa amempitisha yule beki, aliweka mkono wake juu ya bega la kijana asiuondoe. Mzee Halloran aliwatazama kidogo. Halafu, mbele ya watu elfu sitini, akageuka akarudi benchi.

Wimbo ulikufa vinywani. "Hatoki," Orson akasema polepole. "Jamani, huyu mtoto hatoki."

Yaliyofuata hayakuwa muujiza, lakini Vilma hakuwahi kuona Korongo wakicheza hivyo msimu ule. Kijana aliurusha mpira mapema. Aliurusha mfupi, akaurusha tena mfupi, akakimbia nao mwenyewe alipobanwa, akaangushwa akainuka, na ukuta wa mbele ukapigana kama watu waliotukaniwa nyumba yao. Walivuka mstari wa mwisho, wakapata alama saba. Kumi na saba kwa kumi na tatu. Katika safu za mbele Vilma aliona mifuko ikivuliwa, mmoja hapa, miwili kule, watu wakitaka kuona vizuri.

Korongo walipata nafasi moja tena, muda ukiwa umebaki kiduchu. Tavian akawasogeza hadi karibu na mstari. Mrusho wa mwisho ulikwenda mahali palipostahili, na mkono mrefu wa adui ukaugusa ukiwa hewani. Mpira ukaanguka. Wakafungwa.

Nusu ya uwanja ilizomea. Nusu ilisimama. Gaspar alikuwa amesimama, machozi ya baridi yakimtiririka, na alipoona Vilma anamtazama akajifuta kwa mkono wa koti.

"Hajaiva," alisema.

"Hajaiva," akajibu Bi Ardelia, "lakini umemwona."

"Nimemwona."

Jioni ile kocha alitangaza kwamba hakuna mchezaji aliye mkubwa kuliko timu, na kwamba kwa utovu wa nidhamu Tavian Rusk hataanza mchezo unaofuata. Vilma alidhani mji utashangilia, kwa kuwa hicho ndicho walichokililia mwezi mzima. Jumatatu alifungua redio akimsubiri shemeji yake.

"Mimi ni Gaspar wa upande wa mashariki," ilisema ile sauti. "Ile mifuko niliitoboa mimi, mezani kwangu, kwa mkasi wa mke wangu." Akasema kwamba mchezaji akitolewa kwa kucheza vibaya hana neno, lakini kutolewa kwa kukataa kukimbia, hilo mji wa watu wa tanuri na mapaa hauwezi kulikubali. Mtangazaji akamuuliza kama amebadili msimamo. "Sijabadili kitu. Hajaiva. Ndiyo maana namtaka uwanjani."

Siku ya pili yake, watu walianza kukusanyika kwenye lango la uwanja wa mazoezi. Hakuna aliyewaita rasmi. Wengi walikuwa walewale wa mifuko, sasa nyuso zimewapauka kwa baridi, wengine wamechora namba kumi na nne kwenye fulana kuukuu kwa sababu jezi hazikupatikana. Vilma alileta sufuria yake, na watu ambao hawakuwa wamekula kwake tangu ule mgawanyiko walisimama kwenye foleni wakiangalia viatu vyao. Aliwapakulia. Alimpakulia hata yule aliyewahi kumwambia akae chini, ingawa huyo alimpa kabichi nyingi na nyama kidogo. Walinzi waliwataka waondoke. Gaspar akawaambia kwamba barabara ni ya manispaa na theluji ni ya Mungu.

Gari la Tavian lilipotoka, lilisimama. Kioo kikashuka. Kwa karibu alikuwa mtoto kweli, mdomo umevimba, macho ya mtu asiyelala vizuri. Vilma akasogea akampa soseji iliyofungwa kwenye mkate.

"Usikae na mpira," alimwambia.

Kijana akauliza kama ametumwa na mama yake.

"Sikutumwa. Nina macho."

Akacheka, akashika mdomo kwa maumivu, akaondoka.

Halloran alicheza mchezo ule wa ugenini, Korongo wakapigwa thelathini na moja kwa tatu, na mzee wa watu akatoka akichechemea. Kocha hakuwa na la kufanya. Tavian alirudi, akacheza michezo yote iliyobaki ya msimu, akashinda mmoja na kufungwa mingine, na hata ule alioshinda alimrushia adui mpira mmoja mzuri sana. Januari wenye timu walimfukuza Brandvold, wakasema mwaka ujao namba kumi na nne ndiye atakayeanza.

Vilma alikuwa nyumbani kwa Ilona, anakata vitunguu, habari hiyo iliposomwa. Gaspar alipunguza sauti ya televisheni.

"Wamekosea," alisema. "Wangemletea kwanza ukuta wa mbele."

"Hilo nimelisema mimi tangu Septemba."

"Wewe ulisema apewe muda. Hukusema ukuta."

"Nilisema ukuta, Gaspar, muulize Orson."

"Nampa mwaka mmoja," Gaspar alisema, akigonga meza. "Mmoja tu, akishindwa nitampigia simu mama yake mwenyewe."

"Mpigie sasa hivi," Vilma akasema, akamsogezea simu kwa kisu chenye vitunguu. "Atakujibu."

Gaspar aliitazama simu. Ilona akawaambia wahamishe mabishano yao wampishe aweke sahani. Hawakuhama. Gaspar akabofya namba, akaiweka sikioni, na kabla ya salamu kukamilika alikuwa ameshaanza kueleza, kwa sauti ya juu ya paa, ni mlinzi gani wa upande wa kushoto anayetakiwa kununuliwa.